Ikiwa nyota hazina idadi, kwa nini usiku ni giza?

Mwalimu wa Mafinga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha fizikia na jiografia katika shule ya bweni karibu na Mafinga. Wiki iliyopita umeme ulikatika wakati wa kujisomea usiku, nikawatoa wanafunzi nje, na kwa kuwa anga lilikuwa safi kama linavyokuwa huku kwetu mwezi Julai, nikaanza kuwaonyesha Msalaba wa Kusini na ule ukanda mweupe wa Njia ya Maziwa. Niliwaambia kwamba galaksi yetu peke yake ina nyota zisizopungua bilioni 100, na kwamba nje yake ziko galaksi nyingine nyingi mno. Ndipo binti mmoja wa kidato cha pili akauliza: "Mwalimu, kama nyota ni nyingi kiasi hicho, na ziko kila upande, mbona usiku ni giza?"

Nilimjibu kwamba usiku ni giza kwa sababu upande wetu wa dunia umelipa jua kisogo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hilo linaeleza kwa nini jua halionekani, lakini halielezi kwa nini nyota zote kwa pamoja hazijazi nafasi yake. Alikuwa sahihi, nami sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba nitauliza. Naombeni maelezo ninayoweza kuyasimamia mbele ya darasa, bila hesabu za chuo kikuu.

Mstaafu wa Iringa alijibu:

Mwalimu, salamu. Mpe binti huyo hongera, kwa sababu swali lake lilimsumbua Johannes Kepler mwaka 1610, na daktari Mjerumani Heinrich Olbers aliliandikia makala mwaka 1823. Hadi leo linaitwa kitendawili cha Olbers.

Wewe uko Mafinga, kwa hiyo unacho kifaa cha kufundishia ambacho sisi wa mjini hatuna, nacho ni msitu wa Sao Hill. Wapeleke wanafunzi ndani ya misindano, mahali ambapo ukingo wa msitu hauonekani, umwambie kila mmoja anyooshe mkono upande wowote anaoutaka. Kila mkono utaelekea kwenye shina, likiwa karibu au mbali. Atatokea mwanafunzi atakayesema kwamba mashina ya mbali ni membamba, na ni kweli. Lakini ukienda umbali mara mbili, shina huonekana nusu ya upana wake, na duara la umbali huo lina mashina mara mbili. Kinachopungua kwa udogo kinafidiwa kwa wingi, na ndiyo maana mwishowe macho hayapati mwanya hata mmoja wa kupitia.

Angani hali ingekuwa hiyo hiyo, ila huko nyota zimetuzunguka juu na chini pia. Nyota iliyo mbali mara mbili hutuletea robo tu ya mwanga, lakini nyota za umbali huo ni mara nne. Kwa hiyo, kama nyota zimeenea bila mwisho, na kama zimekuwepo tangu milele, kila mahali tunapotazama jicho lingetua juu ya uso wa nyota. Anga lote, usiku na mchana, lingewaka kama uso wa jua, ambao joto lake ni takriban nyuzi 5,500 za Selsiasi, na hapa duniani pasingesalia kiumbe cha kuuliza swali hili.

Sasa usiku ni giza, na hilo ni jambo ambalo hata mtoto analishuhudia. Basi mojawapo ya yale tuliyoyachukua kuwa kweli si kweli, na kosa liko hasa katika maneno "tangu milele". Wakumbushe wanafunzi radi za mwezi Desemba: umeme wa radi huonekana mara moja, kisha ngurumo hufuata, ikichukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Mwanga nao husafiri, ingawa kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Ule wa jua hutufikia baada ya dakika 8 na kidogo; ule wa nyota jirani zilizo karibu na Msalaba wa Kusini, baada ya zaidi ya miaka 4. Ulimwengu una umri wa takriban miaka bilioni 13.8, kwa hiyo mwanga ambao ungehitaji muda mrefu zaidi ya huo bado haujafika. Uko njiani kama ngurumo ya radi iliyopiga mbali. Msitu unaweza kuwa hauna mwisho, lakini sisi tunaona kichaka tu kilichotuzunguka, na kichaka kidogo kina mianya mingi kati ya mashina. Mianya hiyo ndiyo giza la usiku.

Kwa hiyo, Mwalimu, binti yako alipotazama giza alikuwa anatazama ushahidi kwamba nyota zina mwanzo.

Mwalimu wa Mafinga:

Asante sana, Mzee wangu. Mfano wa Sao Hill umeniingia. Nina shaka moja ambayo najua wanafunzi wataileta: je, haiwezekani kwamba nyota ni za milele, ila mwanga wake unazuiwa njiani na vumbi? Nimesoma kwamba yale mabaka meusi ndani ya Njia ya Maziwa ni mawingu ya vumbi.

Fundi Matofali, Uyole:

Mwalimu, mimi si msomi wa anga, lakini hilo la vumbi naweza kulisemea kutokana na kazi yangu. Tunapochoma matofali tunaziba tanuri na kuliacha liwake usiku kucha na zaidi. Saa za mwanzo, ukichungulia kwenye tundu, unaona moto huku na matofali meusi kule, na tofali lililo mbele linakuzuia kuona moto ulio nyuma yake. Tanuri likishaiva, hali inabadilika kabisa: matofali, majivu na kuta vyote vina wekundu uleule, kiasi kwamba hutofautishi tofali na nafasi iliyo kati ya matofali. Tofali lililokuwa linazuia mwanga limegeuka lenyewe kuwa mwanga.

Naamini vumbi la angani lingekuwa vivyo hivyo. Kama limepigwa na mwanga wa nyota kutoka pande zote tangu milele, lingekuwa limeshaiva zamani, nalo lingeng'aa.

Mstaafu wa Iringa:

Fundi, umejibu kwa usahihi kamili. Olbers mwenyewe alidhani kwamba kuna kitu kinachofyonza mwanga njiani, na hoja iliyoiangusha dhana yake ndiyo hiyo uliyoitoa kwenye tanuri. Mabaka anayoyasema Mwalimu ni vumbi kweli, lakini ni vumbi ambalo bado halijaiva, kwa kuwa tanuri lenyewe ni kubwa mno na halijawaka muda wa kutosha.

Msomaji wa Anga, Mbeya:

Kwa heshima yote kwa Mzee wetu wa Iringa, naona jibu lake limeacha nusu ya habari. Sikuzote nimefundishwa kwamba usiku ni giza kwa sababu ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble, akiwa Mount Wilson kule California, alionyesha kwamba kadiri galaksi inavyokuwa mbali nasi ndivyo inavyozidi kutukimbia kwa kasi. Nafasi inapotanuka, mwanga unaosafiri ndani yake huvutika. Mwalimu anaweza kuchora mawimbi kwa chaki juu ya kipande cha mpira wa tyubu, kisha akauvuta: mawimbi yanakuwa marefu. Mwanga ukivutwa hivyo huelekea kwenye wekundu, na ukivutwa zaidi jicho haliuoni tena.

Na kuna jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo zuri kuliko yote katika mada hii. Tuseme jicho limepenya kwenye ule mwanya kati ya mashina. Linaona nini nyuma yake? Kutazama mbali ni kutazama zamani, kwa hiyo tunapopita nyota zote na galaksi zote tunafika katika wakati ambapo hapakuwa bado na nyota hata moja, bali gesi tupu iliyojaza ulimwengu wote, yenye joto la takriban nyuzi 3,000, ikiwa imejaa elektroni huru zilizoutawanya mwanga kama matone ya ukungu yanavyotawanya taa za gari. Wanaopanda milima ya Uporoto kutoka Uyole kwenda Tukuyu asubuhi wanaujua ukungu huo: taa zinawaka, lakini huoni kitu isipokuwa weupe. Ulimwengu ulipofikisha umri wa miaka kama 380,000 ukapoa, elektroni zikashikamana na viini vya atomu, ukungu ukaondoka, na mwanga ukaanza safari ambayo haijakoma hadi leo.

Maana yake ni kwamba kila mkono anaounyoosha mwanafunzi kule Sao Hill, hata ule uliopita kwenye mwanya, unaishia kwenye ukuta uliokuwa ukiwaka kwa joto linalozidi kidogo lile la waya wa balbu za zamani. Kama mwanga huo ungetufikia jinsi ulivyoondoka, tusingekuwa na usiku. Lakini tangu wakati ule nafasi imetanuka kama mara 1,100, na mawimbi yake yamevutwa kiasi hicho hicho. Leo yana urefu wa milimita moja hivi, ya ukoo mmoja na mawimbi ya oveni ya maikrowevu, na joto lake ni nyuzi 270 chini ya sifuri.

Arno Penzias na Robert Wilson waliyapata mwaka 1965 kule New Jersey bila kuyatafuta. Antena yao ilikuwa na muungurumo usiokwisha, popote walipoielekeza. Walifukuza hata njiwa waliokuwa wamejenga kiota ndani yake, wakafuta kinyesi chao, na muungurumo ukabaki. Mwaka 1978 walipata tuzo ya Nobel. Wale waliokuwa na televisheni kabla ya ving'amuzi watakumbuka chenga zilizojaa kioo pale ambapo hapakuwa na kituo: sehemu ndogo ya chenga hizo, kama asilimia moja, ilikuwa mwanga huo wa kale.

Mstaafu wa Iringa:

Kijana wangu wa Mbeya, nimekuelewa na nakushukuru. Naomba tu tutenganishe mianga miwili, ili Mwalimu asichanganyikiwe mbele ya darasa. Kwa mwanga wa nyota, sababu kubwa ni umri: kutanuka kunaupunguza kwa kama nusu tu, wakati ufupi wa muda ambao nyota zimewaka unaupunguza mara nyingi mno. Kwa ule mwanga wa mwanzo, ambao mimi sikuugusa kabisa, sababu ni kutanuka, na hapo hoja yako imesimama imara. Mwanafunzi akiuliza "umri au kutanuka?", aulizwe kwanza anasema mwanga upi.

Mama Kilimia, Tukuyu:

Nimefuatilia tangu mwanzo, nami nina machache. Kwanza, Mwalimu, huenda mzazi akakuuliza kama unawafundisha watoto kuacha dini. Mwambie kwamba aliyeeleza kutanuka kwa ulimwengu mwaka 1927, kabla ya Hubble, na baadaye akapendekeza kwamba ulikuwa na mwanzo, ni Georges Lemaître wa Ubelgiji, ambaye alikuwa padri wa Kikatoliki, na akabaki padri hadi kufa kwake mwaka 1966.

Pili, kwa hilo la mwanga kuchelewa njiani, usiache kuwaonyesha Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota. Mwezi Novemba, giza linapoingia nasi tukisubiri mvua za kwanza za kupandia, kikundi kile kinachomoza mashariki, na jina lake lenyewe linatokana na kulima. Mwanga wake umesafiri takriban miaka 440. Uliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, ukawa njiani wakati vizazi vyote vya wakulima tunaowajua kwa majina vikizaliwa na kuzikwa. Mimi nilipoelewa hilo, nikiwa nimesimama shambani, sikuweza kukitazama tena kama nilivyokitazama utotoni.

Na kama shule ina uwezo, wapelekeni Kitulo usiku usio na mwezi kati ya Oktoba na Novemba. Upande wa kaskazini, kwa macho matupu, huonekana ukungu hafifu wa galaksi ya Andromeda, ambao mwanga wake umetembea miaka milioni 2.5.

Mwalimu wa Mafinga:

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Jumamosi nilikwenda nao msituni, tukanyoosha mikono. Binti yule alisikiliza hadi mwisho, akauliza tena: ikiwa giza linatokana na mwanga ambao bado uko njiani, je, kadiri miaka inavyopita na mwanga mwingi zaidi ukifika, usiku utazidi kuwa mweupe?

Msomaji wa Anga, Mbeya:

Mwambie kwamba ameuliza vizuri kuliko mara ya kwanza, na kwamba jibu ni hapana. Mwanga mpya unafika kweli, lakini unatoka mbali zaidi na umevutwa zaidi, hivyo ni dhaifu zaidi. Nyota nazo hazizaliwi kama zamani: kilele cha kuzaliwa kwake kilikuwa kama miaka bilioni 10 iliyopita, na tangu hapo idadi ya zinazozaliwa imekuwa ikishuka, huku zilizopo zikiendelea kuzimika. Tena mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, kwa kupima nyota zinazolipuka katika galaksi za mbali, yaligundua kwamba kutanuka kwenyewe kunaongezeka kasi. Kwa hiyo galaksi nyingi tunazoziona leo kwa darubini zitafifia polepole hadi zisionekane, na usiku utakaokuwa juu ya milima hii baada ya mabilioni ya miaka utakuwa na giza zito kuliko huu wa sasa.