Tupeane uzoefu: umenunua au unaishi kwenye nyumba iliyo jirani na reli, hali ikoje?

Baba Nasra
Wakuu habari za mchana. Kuna nyumba nimeoneshwa Karakata hapa Dar, vyumba vitatu, ina uzio na kisima, bei imekaa vizuri kuliko zote nilizozunguka Kitunda na Tabata, sasa ukisimama jikoni dirisha la nyuma unaiona reli kabisa, ile ya zamani na ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, pembeni yake. Dalali anasema mtu anazoea. Sawa, ila nataka kusikia kwa mnaoishi huko. Usingizi, nyufa, mafuriko, makaratasi, chochote. Nina mtoto mchanga ndani na hii ndo akiba yetu yote mimi na mke wangu.

matumbi_kwetu
Nimekulia Tabata Matumbi mkuu, reli naijua. Treni yenyewe utaizoea, kinachotesa ni honi. Dereva akikaribia sehemu barabara inapokatiza reli lazima apige, iwe mchana au usiku wa manane, kwahiyo nyumba iliyo mita mia toka kwenye makutano inaweza kuwa na kelele kuliko iliyo karibu na reli ila mbali na makutano. Hapo Karakata angalia kwanza barabara inavuka wapi.

Afu tofautisha reli mbili hizo. Ya zamani vipande vyake vimeungwa kwa vyuma na boliti, kila gurudumu likifika kwenye kiungo linagonga, treni ya mizigo ikiwa imejaa unasikia ta-ta ta-ta muda mrefu na glasi kabatini zinagusana. SGR imechomelewa ikawa kitu kimoja, inatembea kwa umeme na haikatizani na barabara popote, magari yanapita juu au chini. Inapita kama upepo. Nyumbani hakuna anayeamka kwa ajili ya SGR.

Mama Wawili
Kaka Baba Nasra, kelele weka pembeni kwanza, anza na mpaka.

Mama yangu mdogo alinunua nyumba upande wa Buguruni miaka mingi iliyopita. Mkataba wa mauziano upo, mashahidi wapo, muhuri wa serikali ya mtaa upo, umeme na maji kaingiziwa kwa jina lake. Mwaka 2017 maandalizi ya SGR yalipoanza watu wakarudi nyumbani jioni wanakuta X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Hifadhi ya reli, yaani eneo la pembeni ya reli ambalo haliruhusiwi kujengwa, ni mita 15 kila upande kwa mjini na mita 30 kwa vijijini, na nyumba yake upande wa jikoni na choo ulikuwa ndani. Waliokuwa nje ya hifadhi na mradi ukawahitaji walithaminiwa wakalipwa, waliokuwa ndani wakahesabika wamevamia, hata kama walinunua kwa hela halali na kwa nia njema. Aliyemuuzia alishahama mkoa kitambo.

Nasema hivi kwa uchungu maana nimemwona mama wa watu anabomoa jiko lake mwenyewe aokoe mabati. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba fulani kamuuzia fulani, hauthibitishi kwamba kiwanja kiko nje ya hifadhi. Kwahiyo kabla hujatoa hata senti ya kishika nyumba fanya haya: omba nakala ya hati uende nayo kwa msajili wa hati wafanye upekuzi, angalia mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, halafu mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa aje asome bikoni, zile alama za mipaka ya kiwanja. Usikubali kupimiwa na muuzaji kwa futi kamba. Na kwenye stesheni eneo la reli huwa pana zaidi, usije ukapiga hesabu ya mita 15 ukajiona salama. Kama hakuna hati na eneo halijapimwa, kaka, mi ningeiacha hata kama bei ni ya kutupa.

Baba Nasra
Asante sana dada. Hati sijaoneshwa, nimeoneshwa mkataba wa mauziano wa zamani tu. Leo hii nimemwambia dalali hakuna malipo mpaka nione hati.

yombo_dovya
Huku kwetu ni reli ya TAZARA na maneno ya madalali ni "treni zenyewe hazipiti". Kweli kwa miaka mingi imekuwa kimya, watu wanaanika nguo hadi kwenye kokoto na watoto wanacheza kwenye mataruma. Ila ile ni njia ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi Zambia, ilijengwa kwa ajili ya mzigo wa shaba, na 2025 umesainiwa mkataba na kampuni ya Wachina ya CCECC wa dola bilioni 1.4 kuifufua. Mtu anayenunua leo Yombo au Kipunguni kwa sababu pametulia, ajue ananunua jirani na reli ya mizigo. Ukimya ule usiupandishie bei.

fundi_mkanda
Naongelea nyufa. Nyumba nyingi za pembeni mwa reli nilizoitwa ukisikiliza mwenyewe anasema treni imepasua, ukichimba pembeni unakuta msingi mfupi, hauna mkanda wa zege, tofali za mchanga mtupu. Mtikisiko unaongeza tu tatizo lililokuwepo. Ufa mwembamba wa plasta sio wa kukukosesha usingizi. Ufa unaotoka kona ya dirisha ukashuka kimshazari hadi chini, kidole kinaingia, huo ni msingi umekaa vibaya. Na ukikuta nyumba nzima rangi imechakaa ila ukuta mmoja tu umepakwa juzi, gonga hapo, uliza kuna nini chini yake. Nenda na fundi wako, asiwe fundi wa dalali.

kwa_mnyamani
Nenda kipindi cha masika. Tuta la reli linazuia maji kama bwawa, yakishuka toka juu yanategemea kalvati, ile njia ya maji chini ya tuta, na kalvati likijaa chupa na mifuko maji yote yanabaki upande wenu. Angalia kuta za majirani, alama ya tope huwa haifichiki.

Wa Syokimau
Salamu kutoka Kenya. Mimi nilinunua Syokimau kwa sababu ya reli, tangu stesheni ifunguliwe 2012 naingia tao Nairobi bila jam ya Mombasa Road. SGR yetu ya 2017 ni ya dizeli, si ya stima kama yenu, na usiku ni mizigo mirefu, hiyo unaisikia. Nilipanda miti upande wa reli, vumbi ikapungua, kelele haikupungua sana. Kilichosaidia ni madirisha mazuri yanayofunga kabisa.

gmboto_stend
Na mimi treni ya Pugu ndo imenifanya nisihame, asubuhi nashuka Kamata wakati wenzangu bado wako kwenye foleni. Kuhusu mtoto mchanga usiogope, wa kwangu amezaliwa hapahapa na anaamka treni ikichelewa kupita, ila akianza kutembea weka geti linalojifunga lenyewe maana reli ya zamani haina uzio. SGR ina uzio, sema nao umetukata, shule iliyokuwa ng'ambo sasa watoto wanazunguka mpaka kwenye kivuko, uliza hilo kabla. Chumba cha kulala nimekihamishia mbele, jiko na stoo vikakaa upande wa reli.