MREJESHO: Mbwa na paka wazee niliowaacha nyumbani Ntinda, Kampala

Wadau, niliomba ushauri hapa kabla ya kwenda Mbarara kwenye harusi ya mdogo wangu: mbwa wa miaka 14 asiyeona vizuri na paka wa miaka 17 mwenye figo mbovu, niwapeleke sehemu ya kulelea wanyama au nitafute mtu alale nao nyumbani?

Asanteni sana. Nilifuata wengi mliosema wasihamishwe. Kijana wa jirani anayesomea udaktari wa mifugo Makerere alihamia kwangu. Aliyesema tusisogeze hata kiti, ubarikiwe: mbwa alizunguka nyumba nzima bila kujigonga. Mikeka juu ya vigae nayo ilimsaidia, miguu ya nyuma haitelezi tena akiinuka.

Kwa paka, nusu nusu. Bakuli za maji kila chumba alizitumia vizuri, ila chakula chake cha figo alikigomea. Kilichomfungua mdomo ni mukene (dagaa) wa kuchemsha bila chumvi, akipewa ukiwa vuguvugu. Si chakula cha figo, lakini daktari alisema paka kukaa na njaa ni hatari zaidi. Amekonda, na uzito haujarudi.

Ule ushauri mlionipa wa kumpa paka Panadol sikuufuata, na msiufuate. Kwa paka ni sumu, hata kidonge kimoja kinaua.

Safari ijayo kijana atakuja kulala kwangu kabla sijaondoka, huyu bibi mwenye masharubu amzoee kwanza.