Amekata sebene baba yangu akiwa katikati ya ukumbi

Ndugu wa Lubumbashi, ninaandika saa nane za usiku, viatu vikiwa bado mguuni, kwa sababu nikilala na hasira hii kifua kitapasuka. Jina lake silitaji. Hakuna aliyewahi kucheza dansi mtaani Kamalondo asiyemjua yule bwana avaaye miwani myeusi usiku na kusimamia mashine za muziki kana kwamba amekabidhiwa funguo za mbinguni. Leo amekata sebene, ile sehemu ya rumba ambapo magitaa hufunguka na watu wakacheza, na waliokuwa uwanjani ni baba na mama yangu.

Walikuwa wakisherehekea miaka 40 ya ndoa, na suti ya baba ilipigwa pasi tangu asubuhi. Ukawekwa wimbo wa zamani wa Franco na bendi yake ya TPOK Jazz, wa aina ile inayoanza polepole, mume na mke wakishikana na kusikiliza maneno, hadi magitaa yafunguke. Kila aliyelelewa na rumba anajua kwamba sehemu ya kwanza ni salamu tu. Nyimbo nyingi ziligawanywa pande mbili za santuri, na wachezaji wakasubiri igeuzwe. Baba alisubiri. Gitaa la solo likaingia, akauachia mkono wa mama, akainua bega la kulia, na hapo hapo, bega likiwa juu, muziki ukazimwa. Kisha tukasikia kwenye kipaza sauti: «Wazee wakae, meza ya mbele imenunua chupa sita na inataka wimbo wake.»

Bega la baba lilibaki juu. Ukumbi mzima ulilitazama.

Chupa sita! Bendi hiyo, OK Jazz kwa jina la mwanzo, ilizaliwa mwaka 1956 ndani ya baa ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikachukua jina la baa hiyo, na bia iliuzwa usiku kucha bila mchezaji kufukuzwa uwanjani. UNESCO imeitambua rumba ya Kongo tangu Desemba 2021, nasi tuna mtu anayeizima kwa kidole kimoja bega la mzee likiwa hewani.

Mwana-Katuba: Pole sana, ndugu yangu. Katika arusi ya dada yangu aliukata wimbo bibi arusi akiwa ameinama, naye akainuka peke yake kimyakimya huku wakwe wakimtazama. Mtu huyo hana mzazi.

Mjukuu wa Karindula: Kosa la kwanza ni lako wewe uliyempeleka baba mzazi mahali pale Jumamosi usiku. Na kwa nini mnalilia muziki wa Kinshasa tu, katika mji alikoishi Jean-Bosco Mwenda na gitaa lake? Karindula ni pipa, ngozi ya mbuzi na nyuzi. Inapigwa uani, na hakuna kidole kinachoweza kuizima.

Mwenye uzi: Baba ndiye aliyeomba twende huko, kwa kuwa ndiko alikomchumbia mama. Narudia, bega lilikuwa juu.

Mama wa Komini Kenya: Bega tumeliona, mwanangu, lishushe sasa. Karindula nayo ina vumbi, nasi wenye viatu vya visigino tunarudi nyumbani kama tuliotoka shambani. Linaloua dansi ni meza. Kila nikienda wameongeza nyingine, na uwanja wa kuchezea umebaki sawa na mkeka wa mtu mmoja; nikigeuka mara moja, kiwiko changu kimo katika sahani ya samaki ya mtu.

Mjukuu wa Karindula: Mama, vumbi linafutika.

Mwana-Katuba: Mama amesema kweli kuhusu meza. Juzi tulikuwa watu 8 tunaotaka kucheza, na mhudumu akatuomba tusimame ili apitishe bia.

Mwenye uzi: Lakini sebene…

Mtoto wa Ruashi: Ninyi mna meza za plastiki, mtu anaweza kuzisogeza kwa goti. Kwetu wameleta makochi. Makochi ya ngozi, ndani ya ukumbi wa dansi! Mtu akishakaa humo anazama hadi shingoni, na wimbo unaanza na kwisha bila yeyote kunyanyuka.

Mama wa Komini Kenya: Makochi? Nani aliyaruhusu? Ni ukumbi upi huo, ule wa karibu na soko?

Mtoto wa Ruashi: Huo huo, mama. Manne, na la tano liko njiani.