Vila ya likizo pwani ya Italia na mama mkwe mwenye magoti mabovu, tung'ang'anie Positano au tuhamie kwingine?

NahodhaMkavu
Wakuu habari za muda huu. Mwakani familia nzima tunataka kwenda Italia, tuko watu wanane, watoto watatu (kitinda mimba ana miaka minne) na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Hoteli tumepiga hesabu tukaona hapana, vyumba vinne kila usiku halafu bado mnakula mgahawani mara tatu, bora vila yenye jiko tupike wenyewe. Sasa wife ameshaziona picha za Positano basi nyumbani hakuna wimbo mwingine. Nimepata tangazo la vila vyumba vinne, yuro 3,400 kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi katikati ya Agosti, ina bwawa na bahari unaiona ukiwa kitandani. Mwenye nyumba anasema nimtumie nusu moja kwa moja benki tuachane na ile tovuti eti wote tukwepe makato. Viza bado hatujaomba. Naomba wenye uzoefu mniambie nikague nini kabla pesa haijatoka, hiyo bei kweli ndo ya mwisho, na bila gari tutaishi?

ShangaziWaSalerno
Kaka hapo pa kutuma nusu nje ya tovuti weka kituo kwanza. Vila ya vyumba vinne na bwawa Positano, katikati ya Agosti, kwa bei hiyo? Hata mimi ninayeishi huku ningeitafuta kwa tochi. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima iko baharini, hakuna mwenye nyumba anayepunguza bei wiki hiyo.

Mwombe CIN, yaani namba ya taifa ya utambulisho wa nyumba. Tangu 1 Januari 2025 kila nyumba ya kupangisha kwa muda mfupi inatakiwa iwe nayo, inaanza na herufi IT, na sheria inamtaka aiweke kwenye tangazo lenyewe na nje ya jengo pia, asipoiweka anapigwa faini. Kwaiyo mtu akianza kukwambia namba "inashughulikiwa" wewe aga kwa heshima uondoke. Ukiipata usiishie hapo, linganisha mji na anwani na ile nyumba unayoonyeshwa maana namba ya kunakili kwa jirani nayo ni namba.

Bei sasa. Kodi ya utalii mara nyingi haimo, inahesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku, kiwango anapanga halmashauri ya mji na watoto wadogo kwa kawaida wanasamehewa, wengi wanaidai keshi mkifika. Halafu usafi wa mwisho, mashuka na taulo (vila nyingi wanakodisha kando au mnabeba yenu), dhamana ya kuvunja vitu, na kuna wanaosoma mita ya umeme siku mnaingia na siku mnatoka hasa kama kuna AC. Mwambie aandike yote hayo kwenye meseji moja, jumla ya mwisho kwa watu wanane. Anayekwepa kuandika jumla ana sababu zake. Na mkifika atataka paspoti zenu wote, hilo lisikutishe, analazimika kupeleka majina polisi ndani ya saa 24.

Kipepeo_Salento
Mimi ningemwomba wifi yangu aiangalie upya ile picha ya Positano anayoipenda, lakini safari hii aangalie ngazi. Ule mji umening'inizwa kwenye mlima, kutoka nyumbani hadi baharini ni ngazi, dukani ngazi, kituo cha basi ngazi, na tangazo litakwambia "dakika 10 kutoka ufukweni" bila kusema ni dakika 10 za kushuka, kupanda uulize mapafu yako. Mama mkwe atakaa kwenye baraza wiki nzima anawaangalia mkiondoka. Muulize mwenye nyumba swali moja tu, ngazi ngapi kutoka gari linaposimama hadi mlangoni, na akutumie video akitembea.

Njooni Puglia, kule chini kabisa Salento. Mnatua Brindisi, mnakodi gari (huku bila gari hamuishi, nasema ukweli), nyumba ziko tambarare zina uwanja na kivuli cha mizeituni, na upande wa bahari ya Ionia kuanzia Porto Cesareo hadi Pescoluse kuna mchanga na maji ya chini ambayo mtoto wa miaka minne anaingia hatua nyingi kabla hayajamfika kiunoni. Upande wa pili wa Adriatiki kule Santa Cesarea ni majabali, pazuri kwa wanaojua kuogelea. Na kwa sababu mko kwenye kisigino chembamba cha buti la Italia mna bahari mbili, asubuhi mnauliza upepo, ukitoka kaskazini mnakimbilia Ionia, ukitoka kusini mnaenda Adriatiki maji yametulia kama hayajaamka. Wenyeji wote ndo wanavyofanya.

Gari likiwepo muwe macho na ZTL, ni maeneo ya katikati ya miji ya zamani, Lecce ipo, gari la mgeni haliruhusiwi na kamera inapiga namba ya gari, faini inawafuata hadi nyumbani kupitia kampuni ya kukodisha, nao wanaongeza ada yao juu.

mzee_wa_feri
Haya mnamkatisha tamaa shemeji bure. Pwani ya Amalfi siyo Positano peke yake. Kuna Maiori, mji uko chini usawa wa bahari, ufukwe wake ndo mrefu kuliko yote ya pwani ile, barabara ya kutembea imenyooka na mama mkwe anafika kwenye maji kwa miguu yake. Nyumba zake pia zina nafuu ukilinganisha na Positano. Mnafika Salerno kwa treni kutoka Roma au Napoli, na msimu wa kiangazi kuna boti zinapita miji yote ile, siku moja shemeji anapelekwa Positano anapiga picha zake anakunywa kahawa ya bei ya kuumiza anarudi jioni kalala kwenye kiti cha boti. Gari LA NINI? Barabara yenyewe SS163 ni uzi, mabasi mawili yakikutana mmoja anarudi nyuma, na kiangazi wana zamu za namba za gari, siku za shufwa na siku za witiri. Hata mkiwa nalo kuegesha ni kilio.

Ila Agosti siungi mkono. Mkiweza Juni mwanzoni au Septemba, bahari ya Septemba bado ina joto na bei imeshashuka. Uliza tu bwawa linafunguliwa lini na kufungwa lini, si mwaka mzima.

NahodhaMkavu
Aisee nimeelimika. Nimemuuliza CIN yule bwana kaniletea hadithi ndefu kuhusu kaka yake na mwanasheria, nimemuaga. Watoto likizo yao inaanza Julai kwaiyo Septemba haiwezekani, tunaangalia wiki ya kwanza ya Julai. Wife kaikubali Maiori kwa sharti la ile boti ya Positano. Nimepata nyumba nyingine, namba ipo, anwani inalingana, haina bwawa lakini bahari ipo chini tu. Wanataka asilimia 30 mkataba unasema "caparra confirmatoria", hii ni salama? Na viza ikigoma?

ShangaziWaSalerno
Hiyo ndo arubuni yenye meno kisheria, kifungu cha 1385 cha sheria yao ya madai, ukighairi wewe inaliwa, akivunja yeye anakurudishia mara mbili. Wakiandika "acconto" hayo ni malipo ya awali ya kawaida tu, hayana hiyo mara mbili. Sasa kwako wewe hatari ni viza, kwa sababu kunyimwa viza yeye atahesabu umeghairi wewe. Mwombe aongeze sentensi kwamba viza ikikataliwa anarudisha, akigoma tafuta nyumba yenye kughairi bure hadi karibu na safari. Maombi ya viza ya Schengen (ndo ya kuingilia Italia) yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, msisubiri wiki za mwisho, na bima ya matibabu iwe na kiwango kisichopungua yuro 30,000 kwa kila mtu.

Halafu uliza umeme wa nyumba ni kilowati ngapi. Nyumba nyingi huku mkataba ni 3, mkiwasha AC, oveni na mashine ya kufulia kwa pamoja swichi kuu inajikata, na siku nyingine swichi yenyewe iko chini kwenye lango la jengo. Akuonyeshe ilipo siku mnapokea funguo.

Kipepeo_Salento
Na ratiba ya taka bandikeni kwenye friji, huku kila aina ina siku yake, mabaki ya chakula siku hii, plastiki siku ile, mkichanganya mfuko unaachwa hapohapo mlangoni na mwenye nyumba anaweza kukata kwenye dhamana. Ufukweni je mtalipia miavuli au mtakaa bure? Sehemu kubwa imekodishwa kwa wenye miavuli na viti, mnalipa kwa siku, ila ile mita 5 ya mwisho karibu na maji ni ya kila mtu kupita, msitandike taulo tu hapo. Ulizia kipande cha bure kiko wapi mapema, Julai kinajaa asubuhi.

mzee_wa_feri
Tiketi za boti kwa watu wanane msingoje asubuhi yenyewe, kateni jana yake. Na bahari ikichafuka boti haziendi, kwaiyo hiyo siku ya Positano muiweke mwanzoni mwa wiki, shemeji asije akarudi bila picha mkanitafuta mimi.