Mrushaji wa besiboli akitolewa kwenye kuanza mchezo na kuwekwa akiba, je, ameshushwa?

Mjomba wa Kondele, Kisumu

Hamjambo nyote. Mpwa wangu, ambaye dada yangu alimzalia Marekani, alichaguliwa na klabu moja ya besiboli mwaka 2023 akitokea chuo kikuu, akiwa na umri wa miaka 21. Alikuwa mrushaji wa kuanza mchezo, yaani yule anayekabidhiwa mpira tangu mwanzo na kutarajiwa kuwakabili wapigaji kwa awamu tano au sita kati ya tisa za mchezo. Sasa yuko High-A, daraja mojawapo lililo chini ya ligi kuu, na makocha wamemfanya mrushaji wa akiba, anayeingia awamu ya saba au ya nane, akarusha kwa dakika chache kisha akatoka. Mama yake anasema ni jambo la kawaida, lakini babu yake hapa nyumbani amekata kauli kwamba kijana ameshushwa na kinachofuata ni kufutwa. Naomba mwenye ujuzi anieleze jinsi ngazi hizi zinavyopandwa, na iwapo mrushaji wa aina hii ana njia ya kufika ligi kuu.

Mwalimu wa Nakuru

Mjomba, mtulize mzee. Tangu mwaka 2021 kila moja ya klabu 30 za ligi kuu ina timu nne chini yake, zikipanda kutoka Single-A, High-A, Double-A hadi Triple-A, na chini ya hizo ziko kambi za wanagenzi Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika. Kuhamishiwa akiba hakumpunguzii mchezaji daraja hata moja, kwa kuwa kinachobadilika ni kazi yenyewe. Mrushaji wa kuanza hukutana na mpigaji yuleyule mara mbili au tatu katika mchezo mmoja, hivyo asipokuwa na aina tatu au nne za mitupo atasomwa na kuadhibiwa. Mwenye mitupo miwili mizuri tu hufaa zaidi akiingia kwa muda mfupi, kwa sababu hana haja ya kutunza nguvu, na mara nyingi kasi ya mpira wake huongezeka. Ni kama dereva wa skwodi anayepewa matatu kwa tripu moja: hahesabiwi kuwa dereva mbovu kwa sababu hakuanza na gari asubuhi.

Warushaji wengi wa akiba walio ligi kuu leo walikuwa wa kuanza katika madaraja ya chini. Ninyi wa ziwani mtampenda Mariano Rivera, mtoto wa mvuvi wa Panama ambaye mwenyewe alifanya kazi katika mashua ya baba yake. Alifika New York Yankees mwaka 1995 kama mrushaji wa kuanza, hakung'ara, akahamishiwa akiba, na alipostaafu alikuwa amemalizia michezo 652 akiulinda ushindi wa timu yake, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli kwa kura zote bila hata moja kumpinga.

Chujio lenyewe liko Double-A, ambako wapigaji huacha kuukimbilia mpira mbaya, yaani uliorushwa nje ya eneo la kupigwa. Akifika Triple-A, msihukumu takwimu zake kwa haraka, kwa maana miji kama Albuquerque na Reno iko nyanda za juu zenye hewa nyepesi, na mpira uliopigwa huko huruka mbali kupita kiasi.

Mfuatiliaji wa Busia

Naongeza mfano wa Afrika. Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, alichaguliwa na Chicago Cubs mwaka 2011 katika raundi ya tano. Aliachwa, akacheza katika ligi huru isiyofungamana na klabu kubwa yoyote, akarudi, na Juni 2019 akiwa na Seattle Mariners akawa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika katika ligi kuu. Baadaye alikwenda Japani kurushia Hiroshima Carp, na mwaka 2023 pekee alivaa jezi za Dodgers, Red Sox na Athletics. Mwaka uliofuata akawa tegemeo la Houston Astros. Sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya akitokea akiba. Kwa hiyo kuachwa na klabu moja, jambo ambalo mzee analiogopa, si lazima liwe mwisho.

Mhasibu wa Kakamega

Sipingani na walionitangulia, ila nadhani wametazama madaraja mno na kusahau orodha ya wachezaji 40 ambao klabu inaruhusiwa kuwatumia ligi kuu, ambayo ndiyo mlango wenyewe. Asiyekuwemo hawezi kuitwa ligi kuu. Akiingizwa, klabu ina misimu mitatu ya kumpandisha na kumshusha bila kumpoteza, na warushaji wa akiba ndio wanaosafirishwa zaidi, kwa sababu kila wenzao wakichoka hutafutwa mkono mpya. Tangu mwaka 2022 haruhusiwi kushushwa zaidi ya mara tano katika msimu mmoja, na mrushaji aliyeshushwa hukaa huko siku 15 kabla ya kuitwa tena, isipokuwa anaziba nafasi ya majeruhi.

Fedha nazo si ndogo kwa tofauti. Mkataba wa mwaka 2023 uliweka mshahara wa High-A kuwa dola 27,300 kwa mwaka na wa Triple-A dola 35,800, ilhali kiwango cha chini cha ligi kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000, ambacho hulipwa kwa siku. Wiki mbili tu za kuitwa juu humlipa zaidi ya mshahara wa mwaka mzima wa Triple-A. Kiwiko nacho kiangaliwe: upasuaji wa kano, uliofanywa mara ya kwanza na Frank Jobe mwaka 1974, humweka mrushaji nje kwa mwaka mmoja au zaidi.

Mjomba wa Kondele, Kisumu

Nashukuru sana. Na je, klabu inaweza kumweka nje ya orodha hiyo kwa muda inaotaka?

Mhasibu wa Kakamega

Haiwezi, Mjomba. Aliyesajiliwa akiwa na miaka 19 au zaidi hulindwa kwa takribani misimu minne tu, hivyo kwa kijana wenu siku ya kuangaliwa ni Desemba 2026. Asipoingizwa katika orodha kabla ya hapo, klabu nyingine yaweza kumchukua kwa dola 100,000, kwa sharti kwamba imweke ligi kuu msimu wote, la sivyo klabu yake ya awali ipewe nafasi ya kumrudisha kwa nusu ya bei. Wanaochukuliwa kwa njia hiyo mara nyingi ni warushaji wa akiba, kwani ni rahisi kumpa mgeni awamu moja katika mchezo ambao umekwisha kupotea kuliko kumwachia nafasi ya kila siku.