Ukoo wa Mzee Shekue, Ngamiani

*Jumanne*

Mwajuma 19:42
Asalaam aleikum wote. Arobaini ya mama imeshapita, wageni wameondoka, na nyumba ya Barabara ya 14 wamebaki Hamza na mkewe Riziki peke yao. Tangu waoane hawajawahi kukaa bila mama. Nataka tupange zamu ya kuwapitia. Kulala si lazima, kupita tu na kuuliza hali. Kila mtu aandike siku yake hapa chini.

Mwajuma 19:58
Naona mmesoma watu kumi na moja.

Salimu 20:03
Waalaikum salaam da Mwajuma. Nilidhani ni mchango, nikajificha 😂

Mwajuma 20:04
Wewe uko Makorora hapo, baiskeli dakika chache. Siku gani?

Salimu 20:04
Baiskeli ina pancha.

Mama Nasra 20:06
Hiyo pancha ipo tangu Coastal ishuke daraja. Coastal ikapanda tena, pancha ipo palepale.

Kassimu 20:07
Coastal muiheshimu. Bingwa wa 1988 yule.

Salimu 20:07
Mwambie kaka Kassimu!! Nyie wa Simba mtulie

Mwajuma 20:09
Jamani, mpira mkauzungumze kibarazani. Mie naongea habari za watu.

Mwajuma 20:17
Wengi mnawasema kwa huo ulemavu wao wa akili bila kuwaona, sasa niwaambie nilichokikuta Jumapili. Nyumba imefagiliwa hadi uani. Riziki kapika wali wa nazi, na mie kanipakulia. Yale makopo manne ya mama bado yako juu ya kabati, kila moja limefungwa kipande cha kanga: chekundu cha mkaa, kijani cha chakula, njano cha umeme, cheupe cha akiba. Hamza akitoka kupaa samaki Deep Sea anamkabidhi mkewe pesa, Riziki anakaa chini kwenye mkeka anazigawa kwa rangi ya noti. Ya bluu huku, ya zambarau kule. Msimbazi wa elfu kumi ukipatikana, ambao ni nadra, unakwenda kopo jeupe moja kwa moja. Nimemtazama mwanzo mpaka mwisho, hakukosea hata mara moja.
Palipowashinda ni LUKU. Wamelala gizani na pesa imo kwenye kopo la njano. Nimenunua kwa simu yangu kwa namba ya risiti ya zamani, tokeni nikawaachia kwenye karatasi. Kumbe hadi leo giza. Hapo ndipo panapotaka mtu, na ni mara moja kwa wiki tu.

Mwajuma 20:20
La pili, wengine mnalijua mkalinyamazia. Riziki ana ujauzito wa miezi mitano.

Shangazi Mwantumu 20:22
Innalillahi.

Mwajuma 20:22
Shangazi, hiyo husemwa msibani. Hii ni mimba.

Mama Nasra 20:23
Mashaallah. Allah amjaalie ajifungue salama 🤲

Athumani (Dar) 20:41
Nimetoka kazini sasa hivi. Mwajuma unapanga mambo bila kuniuliza, na mie ndiye mkubwa. Nimeshaongea na watu wa Riziki kule Muheza, wako tayari kumchukua mpaka ajifungue. Hamza aje kwangu Mbagala. Nyumba tupangishe, ina vyumba vinne, kodi tugawane. Hawa hawawezi kulea, tusidanganyane.

Mwajuma 20:42
Umeongea na Hamza?

Athumani (Dar) 20:42
Hamza ataongea nini.

Shangazi Mwantumu 20:50
Athumani kasema kweli. Na huyo mtoto akizaliwa kama wao je? Nani atalea watatu?

Kassimu 20:55
NDIMU ZA MUHEZA GUNIA ZIMA BEI YA SHAMBA. Piga simu tujadiliane

Kassimu 20:55
Samahani, kikundi kingine hicho

Salimu 20:56
Kaka mie nachukua nusu gunia 😂😂

Zuhura (Korogwe) 21:15
Nimemaliza zamu ya wodini. Shangazi, kwa heshima. Hamza alizaliwa mzima. Malaria ilimpanda kichwani akiwa mdogo, na lile lori la mkonge lililomkimbiza hospitali ya Bombo sote tunalijua. Riziki mama yake alijifungulia njiani, mtoto akachelewa kulia. Hayo si ya kurithi. Yapo magonjwa yanayorithiwa, lakini kwa hawa wawili sababu tunazijua. Cha kuogopa ni Riziki kukosa kliniki. Anahitaji vidonge vya kuongeza damu kila siku, dawa ya kukinga malaria ambayo anaimeza palepale mbele ya muuguzi, na kulala ndani ya chandarua. Mjamzito yeyote anahitaji hayohayo.

Zuhura (Korogwe) 21:19
Nilipokuja nilimchorea kalenda ukutani. Kila siku ina kiduara, akimeza kidonge anakijaza wino. Siku ya kliniki nimemchorea tumbo. Hamza ndiye mkumbushaji, hamwachi mpaka kiduara kijae.
Na atakayempeleka kliniki ajue hili: mie nilipokwenda naye mhudumu aliniuliza mie kila kitu, mtoto anacheza, anatapika, anakula nini, na Riziki kakaa pale mbele yake. Nikanyamaza tu. Mwisho akamgeukia mwenyewe, na mwenyewe akajibu yote. Naombeni msimjibie. Mpeni nafasi, anachelewa kuanza lakini anamaliza.

Shangazi Mwantumu 21:24
Mngenisikiliza tangu mwanzo tusingefika huku.

Mwajuma 21:24
Shangazi, ya sindano usiyaanze.

Shangazi Mwantumu 21:25
Niliwasaidia wote. Hata mama yenu alijua nina nia njema.

Mwajuma 21:28
Mama hakujua. Ulimwambia Riziki anachomwa ya pepopunda. Kila baada ya miezi mitatu unakuja na gari, unambeba. Binti wa watu analia uani kwa nini hashiki mimba, mama anamkandia mafuta ya nazi tumboni, na wewe unawatazama. Siku ya matanga niliyameza. Leo sikuweza.

*Shangazi Mwantumu amefuta ujumbe*

*Shangazi Mwantumu amefuta ujumbe*

Idrisa 21:40
Naomba niseme kidogo. Kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, nchi yetu iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 23 kinagusa haya tunayoyajadili. Watu wenye ulemavu waoane na wawe na familia kwa ridhaa yao wenyewe, uwezo wao wa kuzaa usiondolewe, na mtoto asitenganishwe na wazazi kwa sababu ya ulemavu wake au wa wazazi wake. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kabla ya kupelekana Muheza na Mbagala twende kwanza kwa afisa ustawi wa jamii.

Salimu 21:41
Wakili wetu huyo 🙌 suti utashonewa lini

Mwajuma 21:41
Salimu mwache mwenzio aseme.

Idrisa 21:43
Na halmashauri ina mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ya mapato yake ya ndani ni ya kukopesha watu wenye ulemavu. Hamza angepata deli la barafu na visu vyake mwenyewe. Sasa hivi anapaa ndoo nzima, mtu anamtupia mia tano.

Mwajuma 21:44
Hilo zuri sana, lakini tuanze na mkaa na kliniki. Siku zenu bado sijaziona.

Athumani (Dar) 21:52
Maneno mengi. Hela anatoa nani? Kila mwezi ninayetuma ni mie.

Mama Nasra 21:54
Kaka Athumani, na minazi ya Kigombe?

Athumani (Dar) 21:54
Minazi iliuzwa kwa makubaliano.

Mama Nasra 21:55
Ya nani na nani? Fungu la Hamza liko wapi?

Baba Mkubwa Rajabu (Pangani) 22:21
🎤 Ujumbe wa sauti, 2:06

Mama Nasra 22:23
Spika yangu haisikiki. Nani atuandikie?

Idrisa 22:34
Naandika kama alivyosema: "Nimesomewa yote. Athumani, barua ya posa ya Riziki niliipeleka mie, kwa mkono wangu. Baba yake alimwita binti mbele ya watu, akamuuliza mara tatu, na mara tatu akasema namtaka Hamza. Hamza naye akaulizwa, akajibu. Nimeoza watoto wengi katika ukoo huu, na wengi wenu mliinamisha kichwa mkajibiwa na shangazi zenu. Hao wawili walijisemea. Mume na mke hawagawanywi kama kodi. Nyumba haipangishwi, na hao hawatoki pale. Mwantumu, wewe utakuja kwangu tuzungumze, si humu. Karatasi za Kigombe ninazo. Jumapili baada ya laasiri nitakuwa Ngamiani."

Athumani (Dar) 23:10
Nimesikia Baba Mkubwa.

*Jumatano*

Shangazi Mwantumu 06:48
Asalaam aleikum. Alhamisi nitapita, nitawapelekea maziwa.

Mwajuma 06:50
Waalaikum salaam. Nitamuuliza Riziki kwanza.

Idrisa 07:15
Da Mwajuma, hivi kwa nini Hamza hayumo humu?

Mwajuma 07:16
Ana kitochi.

Idrisa 07:16
Basi ukipita leo mpe simu yako aongee.

Mwajuma 10:32
Niko hapa. Shangazi, Riziki amesema uje, ukae barazani, maziwa umpe Hamza.

Mwajuma 10:36
🎤 Ujumbe wa sauti, 0:48

Mwajuma 10:41
Kwa mnaobana bando, huyo ni Hamza. Anasema: "Mie Hamza. Kupika tunaweza. Nataka mtu wa kusoma barua na mtu wa kwenda kliniki na sie. Tokeni naijua kuingiza, mama alinifundisha, naangalia namba moja moja. Rimoti ya LUKU imo chumba cha mbele. Kaka Athumani kafunga, kaenda na ufunguo. Na watu wakija wapige hodi."

Salimu 10:43
Kumbe

Mama Nasra 10:44
Siku zote hizo tokeni iko mkononi na mlango umefungwa??

Mwajuma 10:46
@Athumani (Dar) ufunguo mpe kondakta wa basi la leo, Kassimu ataupokea stendi Kange.

Kassimu 10:50
Nitakuwepo. Nipeni namba ya basi

Mwajuma 11:05
Hadi sasa: Mama Nasra Jumatatu, kwenda naye sokoni Mgandini, lakini kununua anunue mwenyewe. Idrisa Jumatano, barua, na kuuliza ustawi wa jamii. Zuhura kliniki, na tarehe zikigongana na zamu yako ya wodini utuambie mapema. Alhamisi Shangazi, barazani. Ijumaa na Jumamosi hakuna mtu. Kila mtu apige hodi.

Zuhura (Korogwe) 11:20
Kliniki ijayo sitapata ruhusa, nina zamu. Anahitajika mtu mwingine. Hamza naye aende.

Salimu 11:31
Mie labda Ijumaa

Mwajuma 11:31
Labda ni siku gani?

Salimu 11:33
Ijumaa, baada ya swala. Kassimu una kiraka?

Mwajuma 12:40
Athumani, ufunguo.

Mwajuma 13:22
Athumani?

Mama Nasra 13:25
Alikuwa hewani saa saba na dakika tano. Basi la mwisho la leo usimsubiri, mpigie mkewe.