Mjadala: Je, kikosi kina haki ya kumpangia mchezaji namna ya kumjenga mhusika wake?

Mleta mada

Naomba tulijadili kwa utulivu suala ambalo halijaacha kuzua mivutano katika World of Warcraft Classic, toleo linalourudisha mchezo huo wa mtandaoni ulivyokuwa mwanzoni, tangu lifunguliwe Agosti 2019. Mchezaji anapoomba kujiunga na kikosi cha watu 40 kinachokwenda kupambana na mabosi (maadui wakuu) wa Molten Core, pango la moto, je, kiongozi ana haki ya kumwelekeza agawe vipi pointi zake za vipaji, au mhusika ni wa mchezaji na kikosi kimpokee jinsi alivyo?

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, mhusika huanza kupata pointi za vipaji afikapo ngazi ya 10, na akifika ngazi ya 60 huwa nazo 51 za kugawa katika matawi matatu. Hazitoshi kuchukua kila kitu, maana kipaji cha mwisho wa tawi hakifunguki mpaka uwe umeshaweka pointi 30 katika tawi hilohilo, na anayekwenda hadi mwisho wa tawi moja hubakiwa na chache tu za kuonjea matawi mengine. Anayebadili nia hulipa: sarafu moja ya dhahabu mara ya kwanza, kisha tano, kisha 10, na bei huzidi kupanda hadi kufikia 50.

Tuchukue Paladin, aina ya mhusika ambaye ni askari wa imani, kwa sababu ndiye anayebishaniwa sana. Ana tawi la kuponya, la kujikinga na la kushambulia. Wengi humfikisha ngazi ya 60 akiwa na nyundo ya mikono miwili, wakiuzoea mwendo wake wa taratibu lakini wa uhakika: anapiga, anajiponya, anasonga mbele. Akifika Molten Core anaambiwa aiweke nyundo, avae mavazi ya kuponya na asimame nyuma. Sababu si chuki. Katika toleo hili mana yake, yaani nguvu ya kutendea uchawi, huisha mapema pambano linaporefuka, tena hana uwezo wa kumchokoza bosi ili amgeukie yeye. Kwa hiyo hata akijitolea kuwa ngao ya kikosi, bosi akishamwacha na kumrukia mponyaji hakuna njia ya haraka ya kumrudisha.

Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba sharti la kikosi lina uhalali pale tu linapotangazwa kabla mtu hajajiunga, na pale linapotokana na bosi aliye mbele yao, si na orodha iliyonakiliwa kutoka mahali pengine. Orodha hizo za miundo bora, yaani namna za kugawa vipaji, zimetungwa kwa ajili ya vikosi vinavyoshindana kumaliza kwa muda mfupi zaidi, kisha zinaigwa neno kwa neno na marafiki wanaocheza Jumamosi usiku na kusimama kunywa chai kila baada ya mabosi wawili. Mchezo wa awali ulitoka Novemba 2004, na miezi kadhaa ikapita ndipo Ragnaros, bosi wa mwisho wa Molten Core, akaangushwa kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Mwaka 2019 aliangushwa ndani ya wiki ya kwanza, tena na kikosi ambacho baadhi ya watu wake walikuwa hawajafika hata ngazi ya 60. Ikiwa hilo liliwezekana, hoja kwamba Paladin mmoja mwenye nyundo atawaangusha wenzake 39 haina mashiko.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, lakini umeipima hoja kwa kipimo kimoja tu, yaani kama bosi atakufa au hatakufa. Atakufa, hatubishani. Swali ni nani analipia uchaguzi wa mmoja.

Tazama jambo ambalo hukuligusa. Katika toleo hili lilivyofunguliwa mwaka 2019, bosi habebi zaidi ya alama 16 za uchawi na mapigo yanayoendelea kumdhoofisha kwa wakati mmoja. Ikibandikwa ya kumi na saba, nyingine inang'oka. Priest (kuhani) aliyejenga tawi la uchawi wa kivuli hupokelewa vizuri, lakini kwa kawaida mmoja tu, kwa kuwa uchawi wake huongeza kwa asilimia 15 madhara yote ya kivuli anayopata bosi huyo, na wanaofaidi zaidi ni Warlock, yaani wachawi wa kivuli na laana, wote waliomo kikosini. Akija wa pili, ongezeko lile halirudiwi, lakini uchawi wake unadai nafasi nyingine katika zile 16 na pengine unang'oa jambo lililokuwa likiwasaidia watu 10. Hapo kiongozi akisema hapana, hajamnyima mtu uhuru; amehesabu tu.

Kuna na suala la mavazi na silaha. Kila bosi hudondosha vitu vichache, watu ni 40, na Molten Core haifunguki tena kwa kikosi hichohicho mpaka wiki igeuke. Warrior (mpiganaji wa silaha) aliyengoja silaha ya mikono miwili kwa miezi hataridhika ikichukuliwa na mtu ambaye mana itamwishia kabla pambano halijafika nusu. Na Paladin asidhani kwamba ameonewa peke yake, kwani Mage (mchawi wa moto na barafu) anayependa moto naye hulazimika kuhamia barafu akiingia humo, kwa sababu mabosi wa moto, Ragnaros akiwamo, hawaungui kwa moto. Hakuna aliyeita hilo udikteta.

Mchangiaji wa pili

Mnawahukumu wachezaji kwa kosa la watengenezaji. Mwaka 2012 matawi ya vipaji yaliondolewa katika mchezo mkuu (si Classic), yakawekwa machaguo sita yenye vipaji vitatu vitatu, na hoja iliyotolewa ilikuwa hiihii: watu walikuwa wananakili muundo mmoja. Mwaka 2022 matawi yakarudishwa, na watu wakaendelea kunakili. Kwa maoni yangu kilichosaidia zaidi ni majaribio ya Novemba 2023, Season of Discovery, ambamo Mage aliweza kuponya na Warlock akaweza kusimama mbele ya bosi. Wapeni watu miundo mingi inayofanya kazi kweli, nanyi mtaona ugomvi huu ukipungua.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nacheza nikiwa Mombasa, na naona kuna jambo ambalo wenzangu walio Ulaya hawana sababu ya kulifikiria. Seva tunazotumia ziko Ulaya. Hali ya sasa ni nafuu kubwa ukilinganisha na kabla ya mwaka 2009, kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani yetu, tulipotegemea setilaiti. Lakini amri ninayobonyeza bado inafika ikiwa imechelewa kidogo, na kuna kazi ambazo kidogo hicho ndicho kinachoziharibu.

Sulfuron Harbinger, bosi mwingine wa Molten Core, hulindwa na makuhani wanne ambao huponya, na Rogue, mpiganaji mwepesi wa majambia, hutegemewa kuwakatiza kabla hawajamaliza. Mwenzangu wa Ujerumani huona kuhani ameanza, anabonyeza, na kuhani anakatizwa. Mimi nikiwa Rogue nabonyeza nilipoona, na wakati mwingine kuhani ameshamaliza. Ndiyo maana nilimchagua Warlock, nikamjengea tawi la uchawi unaotafuna polepole, ambao haujali sana kama amri imechelewa. Sasa mchangiaji wa kwanza ananieleza kwamba uchawi wa namna hiyo ndio unaojaza zile nafasi 16, kwa hiyo nipige kombora moja la kivuli baada ya jingine kama Warlock wenzangu na nibaki na laana moja nitakayopangiwa. Nimekubali, maana hesabu yake ni sahihi. Naomba tu itambuliwe kwamba muundo unaoitwa bora umepimwa na mtu aliye jirani na seva, na kwamba kiongozi anayesoma takwimu za madhara baada ya pambano haoni humo umbali wa mchezaji.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Hoja ya nafasi 16 ni nzito, na inaendana na sharti langu la pili, kwa kuwa inatokana na kanuni za pambano lenyewe na yeyote anaweza kuihakiki. Ninachokataa ni kuinyoosha hoja hiyo imfunike kila mtu. Paladin mwenye nyundo hazuiwi nayo kwa kiasi hicho, na baraka zake, hasa ile inayopunguza kwa asilimia 30 ghadhabu ya bosi kwa aliyebarikiwa, hazipungui nguvu kwa sababu ameshika nyundo. Hoja ya silaha kuwaniwa nayo hutatuliwa kwa kupanga zamu: anayetangulia ni nani, anayefuata ni nani. Kikosi kinachoshindwa kupanga zamu hiyo kina tatizo kubwa kuliko muundo wa mtu mmoja.

Kuhusu ndugu wa Mombasa, nadhani hata angebaki Rogue, kiongozi makini angemwondoa katika zamu ya kukatiza makuhani na kumpa kazi nyingine, badala ya kumlinganisha na wa Ujerumani katika jedwali moja.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Mchezaji amepokelewa na muundo wake, amecheza miezi mitatu bila kulalamikiwa, kisha kikosi kinaamua kuanza kushindana kwa muda na kinamtaka abadilike. Sarafu 50 za dhahabu ni saa kadhaa za kuchuma mitishamba na kuua wanyama wa porini, na mavazi mapya ya kuponya yanaweza kumchukua wiki nyingi zaidi. Napendekeza kwamba kikosi kinachobadili sharti katikati ya safari kilipe gharama hiyo kutoka katika hazina yake ya pamoja, na kimpe mtu huyo nafasi ya kwanza kwa mavazi anayotakiwa kuyavaa mpaka awe amekamilika. Anayeona hazina isiguswe kwa jambo hili aeleze ni nani basi alipe.